Bundi Chini ya Hadubini

Jumanne asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai ya Lubwe, mtu aligonga dirisha la maabara ya patholojia. Dirisha lile halikuwa la kugongwa. Lilitazama nyuma ya hospitali, kwenye matangi ya maji na kamba za kuanikia mashuka, na asiyekuwa tayari kukanyaga matope hakuweza kulifikia.

"Hodi humo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mapokezi ni upande wa mbele, mwanangu."

"Nimetoka huko. Hii ni mara ya nne." Kijana alibandika simu yake kwenye kioo cha dirisha ili aliye ndani asome. SAFI, iliandika. MWITIKIO WA KAWAIDA WA SELI LINZI. Chini ya maandishi palikuwa na alama ya kidole gumba. "Namtafuta mwenye kidole hiki."

Kidole kilikuwa cha Subilaga Mwandemele. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita wagonjwa walikuwa wakimfikia vipande vipande: kinyama cha titi, kinyama cha koo, kinyama cha tezi, kimegandishwa kwenye nta, kikakatwa chembamba kuliko ganda la kitunguu na kulazwa juu ya kioo kidogo. Mgonjwa mwenye miguu yake hakuwahi kuja kumdai majibu. Alijikuta anafungua dirisha.

Kijana alijitaja kwa jina la Gwamaka Mwasomola, fundi wa vichumaji, zile mashine za miguu sita zilizotambaa kwenye miteremko tangu alfajiri zikikata chipukizi za chai. Alifungua kola ya koti lake la kazi. Upande wa kushoto, juu kidogo ya mtulinga, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limao, laini, wala haukuwa mwekundu.

"Unauma?"

"Nikiuminya hauumi. Ndiyo maana wananirudisha nyumbani. Lakini mama, usinicheke." Akageuka kutazama nyuma kama mtu anayeogopa kusikika. "Unauma nikinywa pombe. Nusu kikombe tu cha kimpumu, panawaka kama pamepitishwa pasi. Nisipokunywa, kimya. Wenzangu wanasema Mungu ananiita niokoke."

Subilaga hakucheka. Chuoni, mwalimu wake wa patholojia, mama mmoja mkali aliyevuta ugoro darasani, aliwahi kuwaambia wanafunzi maneno ambayo kwa robo karne hakuwahi kuyahitaji: mtu mwenye tezi zilizovimba akikwambia zinamuuma akinywa pombe, acha kumhubiria, katafute bundi.

"Umepigwa mgambo?" alimwuliza.

"Nani hajapigwa?"

Ni kweli. Jina la serikalini lilikuwa seli linzi, ila watu wa Lubwe waliziita mgambo, kwa sababu ziliingia bila kubisha na kukamata bila maelezo. Zilitengenezwa kwa damu ya mtu mwenyewe. Shirika la Kinga Hai liliichukua, likazifundisha seli zake kazi ya kusaka saratani, likazirudisha mkononi kwa sindano, na tangu hapo zikawa zinazurura toka tezi hadi tezi zikila kila seli iliyoasi. Katika miaka kumi na miwili wodi ya saratani ya hospitali ile ilikuwa imegeuka stoo ya magodoro.

"Rudi Ijumaa saa nne," Subilaga alimwambia. "Na usimwambie mtu kwamba umefika hapa."

Alipofunga dirisha akajiuliza kwa nini amesema hilo la mwisho.

*

Mashine ya kusomea vioo ilikaa pembeni mwa maabara, ndefu kama jokofu, nyeupe, mali ya Kinga Hai. Waliiita Msomaji. Kioo kiliingia upande mmoja, sekunde tisa baadaye jibu likatoka. Sheria ilitaka kila jibu lithibitishwe na mtu, kwa hiyo Subilaga aliweka kidole gumba kwenye kibao kilichong'aa, mara mia mbili kwa siku, mara nyingine mia tatu. Mwanzoni alikuwa anakagua kioo kimoja katika kila kumi. Baadaye kimoja katika mia. Hadubini yake ya zamani ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kanga.

Aliishusha, akapangusa vumbi, akakitafuta kioo cha Gwamaka na kukiweka chini ya lenzi.

Kwanza aliona umati tu. Seli ndogo za buluu, nyingi, za kila namna, zimejazana kama watu waliokuja msibani. Hakukuwa na jambo la ajabu katika hizo. Alisogeza kioo taratibu, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa, na kwenye mstari wa sita akasimama.

Katikati ya umati ule ilikaa seli moja kubwa mara tano ya wenzake. Ilikuwa na viini viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu, na ndani ya kila kiini doa moja jekundu lililozungukwa na duara jeupe. Macho mawili ya bundi, yamekodolewa. Alijua kwamba seli haiwezi kumtazama mtu, hata hivyo aliinua uso kwenye lenzi kabla hajarudi tena. Mbele kidogo akapata nyingine. Kisha ya tatu.

Hiyo ndiyo hila ya ugonjwa ule. Seli mbovu huwa chache, pengine moja katika mia. Zilizobaki ni nzima. Zimeitwa tu, zikaja, na umati wao ndio uvimbe. Asiyekuwa na subira huona umati akamkosa aliyeuita.

Aliingiza kioo kwenye Msomaji upya.

"Safi," ilisema ile sauti ya upole. Kwenye skrini mashine ilichora duara la kijani kumzunguka bundi yule yule. "Seli linzi mbili zilizoungana. Hazina madhara."

Jambo hilo lilikuwepo kwenye vitabu vya mafunzo. Mgambo wawili wakikutana ndani ya tezi waliweza kukumbatiana wakawa kitu kimoja, na waliokumbatiana hivyo walifanana na bundi kama mapacha. Kwa hiyo labda mashine ilikuwa sahihi, na yeye alikuwa mama mzima aliyetishwa na maneno ya mlevi.

Labda. 

Alikwenda kwenye droo za vioo vya zamani, vya kabla ya mgambo, akachagua kimoja ambacho alikuwa na uhakika nacho: mwalimu wa shule kutoka Kyela, aliyeugua saratani ya tezi, ile iitwayo ya Hojikini, akatibiwa, akapona. Akakiingiza. Sekunde tisa.

"Hatari. Saratani ya tezi aina ya Hojikini. Uhakika, tisini na tisa kwa mia." Maduara mekundu yalijaa skrini.

Basi Msomaji aliwajua bundi. Subilaga alikitoa kioo. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Alichapa kibandiko kipya chenye jina la uongo na alama ya mtu aliyepigwa mgambo, akakibandika juu ya kioo cha yule mwalimu, akakirudisha mashineni.

Safari hii hazikupita hata sekunde tatu.

"Safi. Mwitikio wa kawaida wa seli linzi."

Kioo kilikuwa kile kile, na bundi walikuwa wale wale. Mashine haikuwa imekosea kuwaona. Ilisoma kwanza kibandiko, ikaona alama ya mgambo, ikaacha kutazama.

"Nani amekufundisha hivyo?" aliuliza kwa sauti.

"Maelezo hayo yamefungwa," ilijibu. "Ungependa niwasiliane na mhudumu?"

"Hapana," alisema haraka. "Hapana, asante."

*

Kuanzia hapo kila kitu kilianza kumtia shaka. Mganga mkuu alipita mlangoni mara mbili siku ya Jumatano akimwuliza hali, naye kwa kawaida hapiti hata mara moja kwa mwezi. Kompyuta ya kumbukumbu ilimwomba nenosiri ambalo haikuwahi kuliomba. Alianza kufunga mlango wa maabara kwa ufunguo, na alipokwenda chooni alibeba vioo mfukoni mwa koti.

Kulikuwa na rangi moja ya zamani ambayo siku hizi haikuagizwa tena. Ilishika bundi wa kweli na kuwageuza kahawia, mgambo haikuwashika. Alipata chupa moja nyuma ya friji, imepita tarehe yake kwa mwaka mzima. Aliijaribu kwanza kwa kinyama cha mwalimu wa Kyela: kahawia. Akaijaribu kwa mtu mwenye mgambo waliokumbatiana, mzee mmoja mwenye afya yake: hakuna kitu. Halafu ya Gwamaka.

Kahawia iliyokoza, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

Alitoa vioo vyote vya tezi zilizovimba ambavyo Msomaji alivipitisha kuwa safi kwa miaka minne. Vilikuwa mia mbili na kumi na viwili. Alivisoma kwa macho yake Jumatano nzima na Alhamisi hadi saa tisa alasiri, shingo ikimlalamikia, na vyenye shaka akavitia rangi. Tisa viligeuka kahawia. Akatafuta majina kwenye daftari la wodi. Watatu walikuwa wamekwisha kufa: mmoja imeandikwa nimonia, mmoja homa isiyojulikana, wa tatu haikuandikwa chochote. Kwenye majibu yote tisa palikuwa na kidole kimoja.

*

Siku ile aliwahi nyumbani na kumkuta binti yake, Tumpale, amekaa barazani na kitana, akitaka kusukwa. Tumpale alikuwa na miaka ishirini. Alipokuwa na minane saratani ya damu ilimrudia mara ya pili, dripu za dawa zikashindwa, na mgambo walikuwa ndiyo kwanza wameingia nchini. Kwa siku arobaini damu yake ikawa safi. Sasa alikuwa mhamasishaji wa chanjo hiyo. Alipanda vilima kwa pikipiki ya umeme akiwashawishi watu nyumba kwa nyumba.

Subilaga alisuka mistari mitatu. Mstari wa nne vidole vilishuka vyenyewe, nyuma ya sikio, chini ya taya, juu ya mtulinga.

"Mama, hapo hakuna nywele."

"Unawashwa mwili siku hizi? Unatokwa jasho ukilala?"

Tumpale aligeuka. "Kuna nini?"

Alimwambia kwa kifupi, bila kutaja jina la mtu. Alitegemea mtoto ataogopa. Badala yake aliona uso ukifunga kama mlango.

"Kwa hiyo mgambo ndio wanaoleta?"

"Sijui. Inawezekana ni ugonjwa ule ule wa zamani, ambao ungewapata hata bila mgambo, na kosa ni mashine kuufumbia macho. Inawezekana ni mgambo wenyewe wamegeuka. Sijui bado."

"Basi usiseme usilolijua. Kule juu kwa wachoma mkaa kuna bibi aliyenifungulia mbwa. Miezi saba nimekwenda kwake. Wiki iliyopita ndiyo amekubali, yeye na wajukuu sita. Ukisema neno moja, mama, moja tu, hawarudi tena. Watakufa kwa saratani ya kizazi na ya koo kama zamani, na hawatakuwa tisa."

"Na hawa tisa?"

"Wewe ulipiga magoti mbele ya daktari wanichome mimi. Hukuuliza kama kuna bundi."

Alimnyang'anya mama yake kitana, akaenda kumalizia kusuka mbele ya kioo chake mwenyewe. Subilaga alibaki barazani na mikono yenye mafuta. Mtoto hakuwa amesema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

*

Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi alimkuta mgeni amekaa kwenye kiti cha maabara, ilhali mlango aliufunga mwenyewe.

"Subi," alisema mgeni, akasimama. "Hujazeeka."

Alikuwa Dokta Elinami Mrema. Chuoni walitumia hadubini moja na kitabu kimoja. Sasa alikuwa mkuu wa usalama wa tiba wa Kinga Hai, na alikuwa amevaa viatu visivyo na hata tone la tope.

"Nani amekwambia, Elinami?"

"Msomaji hutuandikia. Siku ya Jumanne kioo kimoja kimesomwa kwa majina mawili." Hakulificha. Alikuwa na tabia hiyo tangu zamani, ya kusema jambo baya kwa sauti ya kawaida. "Nikajua ni wewe. Nani mwingine angesumbuka?"

"Umekuja kunitisha?"

"Nimekuja kuomba." Alikaa tena. "Nisikilize kwanza. Wakati wa majaribio mashine ilikuwa inawaona bundi kila mahali, na wote walikuwa mgambo waliokumbatiana. Madaktari wakawa wanawapa watu wazima na wenye afya dawa kali za saratani. Singida kulikuwa na mtoto wa sekondari, miaka kumi na sita. Mimi ndiye niliyemwandikia dripu. Hakuwa na saratani, Subi. Dawa ndiyo iliyomuua. Baada ya hapo nikaiambia mashine: ukiona alama ya mgambo, nyamaza."

"Ulipaswa kuiambia itafute njia ya kuwatenganisha. Rangi ipo. Nimeitoa kwenye friji."

"Ingechukua miaka miwili. Kila mwaka watu elfu arobaini wanaokolewa na sindano hii."

Subilaga aligeukia dirisha. Nje wanawake wa kufua walikuwa wanakung'uta mashuka.

"Hatuna hata uhakika kama mgambo ndio chanzo," Elinami aliendelea. "Hata wewe huna."

"Sina. Na wewe huna, kwa sababu uliizuia mashine isitazame."

Neno lile lilimpata. Alishusha macho, akavua miwani, akaivaa.

"Nipe majina," alisema hatimaye. "Walio hai wote. Tutawaita Dodoma, tuseme ni uchunguzi wa kawaida, tutawatibu kwa dawa nzuri kuliko utakazopata hapa. Watapona. Mashine tutairekebisha kimyakimya, nakuapia. Wewe utanikabidhi vioo na nta zake. Hakuna atakayekufa, si kwa bundi wala kwa woga. Niambie ubaya uko wapi."

Aliutafuta ubaya. Alitafuta kwa nia njema kabisa, maana sehemu moja ya moyo wake ilitaka sana usiwepo. Wagonjwa wangetibiwa. Bibi wa wachoma mkaa angechanjwa. Tumpale angerudi kuongea naye. Na kidole chake kwenye majibu yale tisa kingezikwa pamoja na vioo. Akajishika akilifikiria hilo kwanza kuliko yote, na ndipo alipoanza kujishuku yeye mwenyewe kuliko alivyomshuku Elinami.

"Na wale watatu?" aliuliza. "Ndugu zao utawaambia nini?"

"Kuwaambia kutawarudisha?"

"Na nchi nzima? Hapa Lubwe tisa. Kwingine wangapi?"

Asiyejua angesema hajui; Elinami aligeuka kumtazama Msomaji.

Dirisha likagongwa. Ilikuwa saa nne kamili.

"Mwambie arudi wiki ijayo," Elinami alisema polepole. "Tutamwita sisi. Subi, tafadhali."

Subilaga alifungua dirisha. Gwamaka alikuwa amevaa shati la Jumapili na limemlegea shingoni. Siku tatu tu, na alionekana kapungua.

"Zunguka mbele mwanangu," alimwambia. "Wakikuzuia mapokezi, waambie nimekuita mimi."

Alipoingia alimkalisha kwenye kiti chake yeye. Elinami alibaki amesimama karibu na Msomaji. Subilaga alikuwa amewahi kuandika habari mbaya mara elfu, hakuwahi kuitamka hata moja, na aligundua kwamba hajui aanzie wapi. Akaanzia pale palipomuuma.

"Gwamaka, una saratani ya tezi. Jibu lako liliandikwa safi, na mimi ndiye niliyelithibitisha. Sikutazama."

"Hukutazama?"

"Mashine ilisema. Mimi niliweka kidole."

Kijana alikitazama kidole chenyewe, kilicholala juu ya meza.

"Inatibika?"

"Inatibika. Wengi hupona kabisa, hata wakasahau. Ungekuja miezi minne nyuma ingekuwa rahisi zaidi."

"Nilikuja miezi minne nyuma, mama."

Hakulisema kwa hasira. Kama angepiga kelele Subilaga angejua la kufanya. Alilisema tu, kama mtu anayesahihisha tarehe.

"Na huyu ni nani?" Gwamaka aliuliza baadaye, akimwonyesha mgeni kwa kidevu.

"Ni mwenye mashine."

Elinami alijongea. Aliomba, kwa sauti ndogo, kama angeweza kuangalia. Subilaga alimpisha. Aliinama juu ya hadubini kwa namna ya mtu aliyesahau jinsi ya kuishika, akazungusha lenzi, akatulia, na akakaa hivyo kwa dakika nyingi. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Hakugusa kioo hata kimoja. Alimpa Gwamaka mkono, akamwambia pole, akatoka bila kufunga mlango.

*

Mchana ule ule Subilaga aliwapigia simu wale watano waliobaki, mmoja mmoja, akarudia kwa kila mmoja yale aliyomwambia Gwamaka, pamoja na lile la kutokutazama. Kisha akaandika barua wizarani na kuambatanisha picha za vioo. Jumatatu redio ya wilaya ilimhoji. Alisema analolijua na akataja asilolijua, ila watu hubeba wanachokitaka. Kufika jioni vilima vyote vilikuwa vinasema mgambo wanazaa bundi.

Yaliyofuata hayakumpendeza mtu. Kinga Hai walikuja na lori wakamchukua Msomaji. Subilaga alisimamishwa kazi, akarudishwa baada ya wiki tano kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyejua kutumia hadubini. Hospitali za mikoa mingine zilianza kutia vioo vyao rangi, na hesabu ya bundi ikapanda kila wiki. Kati ya wale sita waliokuwa hai, watano walianza dripu. Wa sita ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini, akafa baada ya miezi miwili. Gwamaka alipoteza nywele zote na uvimbe ukayeyuka. Kama ni mgambo ndio waliogeuka au ni ugonjwa wa siku zote uliojificha nyuma ya koti lao, wataalamu walikuwa bado wanabishana.

Na chumba cha sindano kilikauka. Kutoka watu sitini kwa siku wakawa wanne, siku nyingine hata mmoja hakuja. Mwanamke mmoja wa kiwanda cha chai, aliyekuwa ameandikishwa kuchanjwa, alikataa, na baada ya miezi kadhaa akaletwa na saratani ya kizazi iliyokomaa. Tumpale alimjua. Siku ya mazishi yake alirudi nyumbani, akapita mbele ya mama yake kama anavyopita mtu mbele ya nguzo, na ilichukua mwezi mzima kabla hajamsalimia.

Subilaga hakujitetea. Usiku hakulala vizuri, mchana alisoma vioo, kila kimoja, kwa macho yake.

Ilikuwa Jumatano, mvua za masika zimekatika, alipotoka maabara akamkuta mama mmoja amesimama kwenye korido na binti wa miaka mitano. Mtoto aliitwa Sekela. Bibi yake na shangazi yake walikufa kwa saratani ya titi, mama alieleza, na baba yake anasema asichomwe.

"Wewe ndiye uliyesema redioni?"

"Ndiye mimi."

"Ndiye pia uliyeweka kidole?"

"Ndiye mimi."

Mama Sekela alimchunguza kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, bila haraka, kama mnunuzi anayemkagua ng'ombe aliyeambiwa ni mzima. "Basi niambie ukweli. Nimchome au nisimchome?"

Alikuwa amelingoja swali hilo kwa miezi. "Kwa ukoo wako, mchome. Hatari ya kutokumchoma ni kubwa kuliko ya kumchoma. Lakini bundi wapo, na sijui wanatoka wapi. Kila baada ya miezi sita umlete nimpapase shingo na makwapa. Ukiona uvimbe katikati, usingoje miezi. Njoo ugonge hata dirishani."

"Nikuamini vipi?"

"Sijui, mama. Mimi mwenyewe ningekuwa wewe ningesita."

Yule mama aliuma mdomo. Alitazama upande wa geti, akatazama upande wa chumba cha sindano, ambako nesi alikuwa amekaa peke yake akisoma gazeti. Kisha akamsukuma mtoto taratibu mgongoni.

"Twende wote watatu. Utamshika wewe. Mimi nitakuwa natazama."

Subilaga alikaa kwenye kiti cha mbao, akampakata Sekela, akahisi moyo mdogo unavyopiga kifuani mwake. Nesi alipasua pakiti ya sindano kwa furaha ya mtu aliyekosa kazi wiki nzima.

"Itauma?" mtoto aliuliza.

"Haiumi hata kidogo, mrembo," alisema nesi.

Sekela hakumtazama nesi. Aligeuza shingo akamtazama Subilaga usoni, macho makavu, akingoja.

"Itauma," Subilaga alimwambia. "Nishike kwa nguvu."

Mtoto akamshika.